Kisanduku cha Nyar Sindo Hakikuua Mtu

Habari ya kifo chake niliipata redioni, asubuhi nikinyoa ndevu, katika yale matangazo ya vifo ambayo kila nyumba ya huku kwetu huyasikiliza kwa Kijaluo kabla ya kumimina chai. Mtangazaji alisoma jina lake, akasoma kijiji chake karibu na Sindo, akawataja ndugu zake, akasema alikuwa mfanyabiashara wa samaki, kisha akapita kwa marehemu mwingine. Niliweka wembe chini. Sikatai kwamba samaki aliuza. Omena zake, wale dagaa wa ziwani, zilifika mpaka kwa wachimba dhahabu wa Masara, na wengi waliomlilia walikuwa wateja wake. Lakini mwanamke huyo alipiga gitaa la solo kwa miaka mingi kuliko aliyouza samaki, tena katika bendi ambayo watu wa Migori na Homa Bay waliicheza mpaka viatu vikapasuka, na waliolipeleka redioni tangazo lile walijua hivyo vizuri. Waliliacha gitaa makusudi. Waliona haya. Msomaji wangu wa siku zote atanivumilia leo nikiandika kwa hasira, kwa sababu haya hiyo haikuwa yake, na sijui kwa nini azikwe nayo. Jina lake sitaliandika. Limetajwa vya kutosha na watu wasiomjua. Nitamwita kama tulivyomwita sote mjini Migori: nyar Sindo, yaani binti wa Sindo.

Tulikuwa majirani mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, katika ploti moja ya vyumba vya mabati nyuma ya soko. Kati ya chumba chake na changu palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu, kwa hiyo kila alichokipiga nilikisikia, nitake nisitake. Hakuwa mtu wa kujishusha. Akikuta unasifu mpiga gitaa mwingine, alikukatiza na kukuambia, "Huyo ni mzuri, lakini mimi ni mzuri kuliko yeye," kisha akaendelea na mambo yake. Wakati huo alikuwa na shauku moja iliyomkosesha raha: alitaka gitaa lake lingurume. Si muda wote, maana benga, muziki wetu wa gitaa, haipigwi hivyo. Alitaka lingurume pale tu ngoma inapopanda, waimbaji wanaponyamaza na gitaa la solo kubaki peke yake na wachezaji. Alikuwa amesikia sauti hiyo kwenye rekodi za ng'ambo, akaambiwa kwamba inatoka katika kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, na kwamba visanduku hivyo haviuzwi Migori wala Kisumu. Basi akaamua kujitengenezea.

Alikuwa amekaa sana na mtengeneza redio mmoja aliyefanya kazi kwenye baraza alilouzia samaki, akajifunza kuchomelea waya kwa risasi na kusoma rangi za vifaa vidogo vilivyomo ndani ya redio. Transista mbili alizitoa kwenye redio iliyokufa. Kasha lenyewe lilikuwa kile kisanduku cha chuma ambacho mafundi wa stima hukizika ukutani nyuma ya swichi. Alikinunua kikiwa kipya duka la vifaa vya ujenzi, akakitoboa matundu ya kuingizia na kutolea waya za gitaa. Kilichomsumbua ni swichi, kwa maana swichi ya kawaida huvunjika ukiikanyaga. Akaipata Oyugis, katika mabaki ya lori kuukuu: ile swichi ya sakafuni ambayo dereva wa zamani aliikanyaga kwa mguu wa kushoto ili kupunguza mwanga wa taa. Alirudi nayo akiwa ameifunga kwenye leso kama mtu aliyetoka kununua hereni. "Jirani," aliniita kupitia juu ya ukuta, "hii imekanyagwa na buti za madereva tangu sijazaliwa. Nani ataivunja?"

Siku ya kwanza kukiwasha, kisanduku hakikunguruma. Kilivuma kama nyuki, kisha katikati ya mvumo ule ikatoka sauti ya mwanamume akisoma matangazo ya vifo. Nilitoka mbio nikidhani ana mgeni. Nikamkuta amekaa sakafuni, gitaa mapajani, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Waya za ndani zilikuwa zimegeuka antena na kuivuta stesheni ya Kisumu. Kwa siku kadhaa jirani zetu walikuwa wakija mlangoni kwake kusikiliza nani amekufa. Mama mmoja alikataa katakata kuingia, akasema gitaa linaloongea na wafu si la kuchezewa. Nyar Sindo alitafuta kosa taratibu. Aligundua kwamba alikuwa ameziunganisha waya zote isipokuwa moja: hakulifunga lile kasha lenyewe la chuma kwenye upande wa hasi wa betri, ule upande ambao vyuma vyote vya mpiga gitaa hukutania. Akachomelea waya fupi ndani ya kasha. Mvumo ukakatika papo hapo, mtangazaji akanyamaza, na alipokanyaga swichi, gitaa likanguruma hadi mbuzi wa mwenye ploti akakata kamba.

Tangu siku hiyo habari ya kufunga chuma kwa chuma na vyote kwa ardhi ikawa kama dini yake. Alinieleza nami nikaelewa, ingawa mimi ni mtu wa kalamu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na kisanduku, kisanduku kimeunganishwa na mwili wa chuma wa amplifaya, na amplifaya inatakiwa iunganishwe na udongo kupitia tundu la tatu la soketi, lile la juu, ambalo mafundi wetu hupenda kulitia kijiti cha kiberiti ili yale mawili ya chini yafunguke, waya mbili zipite. Nyuma ya tundu hilo panatakiwa kuwe na waya, athi kama mafundi wanavyoiita, inayoteremka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba. Stima ikivuja, inakimbilia udongoni. "Na waya hiyo isipokuwepo?" nilimwuliza. Akanitazama bila kucheka. "Basi inamngojea mtu."

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Bendi yao ilialikwa kupiga Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja kando ya barabara ya Homa Bay. Mwenye ukumbi alikuwa mtu mkubwa, na bado ni mtu mkubwa. Hukaa viti vya mbele kwenye harambee na huombwa atoe neno. Amplifaya zilikuwa zake, soketi zilikuwa zake, ukuta ulikuwa wake. Mimi nilisafiri na bendi siku hiyo kwa sababu napenda muziki na kwa sababu wapiga gitaa hawalipishwi mlangoni, wala marafiki zao. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wameingia na tope, na wafanyakazi walikuwa wamemwaga maji sakafuni wakipiga deki. Nyar Sindo alichomeka gitaa lake, akakiweka kisanduku mbele ya mguu wake, akasogea kwenye maikrofoni ajaribu sauti. Akaruka nyuma akishika mdomo. Akatoa mfukoni bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa ndani ya mpini, akaigusisha kwenye mwili wa amplifaya. Kitaa kikawaka. Palepale akaichomoa amplifaya ukutani.

"Mzee," alimwambia mwenye ukumbi mbele yetu sote, "hii chuma iko na stima. Na hii soketi yako haina athi. Tukipiga hivi, mtu atakufa."

Mzee alikuwa na wageni wake mezani. Hakuinuka hata kuitazama ile bisibisi. "Wewe mama, mmekuja kuimba ama mmekuja kukagua stima? Bendi ngapi zimepiga hapa?"

"Mimi sijui za wengine. Mimi nasema hii imenishika mdomo."

"Basi ni hicho kitu chako cha takataka. Kitoe."

Alikitoa! Wanaosimulia kisa hiki hawasemi hivyo kamwe. Alikichomoa kisanduku mbele ya macho yake, akaunganisha gitaa moja kwa moja na amplifaya, akaiwasha tena, akapima, na kitaa kikawaka vilevile. Mwenye ukumbi alikuwa ameshageukia wageni wake. Mwimbaji wao, kijana wa Oyugis mwenye sauti nyororo na moyo wa kupenda amani, alimshika bega. "Nyaminwa," alimwambia, yaani dada yetu, "watu wamejaa. Tupige tu nyimbo chache." Akamjibu, "Omera, ndugu yangu, ngoja. Nipe muda kidogo tu." Akaizima amplifaya, akaichomoa tena ukutani. Akarudisha kisanduku mahali pake, akaomba kipande cha chuma kilichokuwa kimelala nje pale walipokuwa wakijenga choo, akaomba waya ndefu, akatoka. Alitaka kukipigilia kile chuma kwenye udongo uliolowa chini ya dirisha na kuifunga amplifaya hapo. Nilimfuata. Nilikuwa nimemshikia ile waya, naye amepiga magoti kwenye tope, anagonga chuma kwa jiwe, tuliposikia ukumbi mzima unapiga yowe.

Huku nyuma, watu walikuwa wameanza kupiga mbinja. Mwenye ukumbi akamwambia mfanyakazi wake achomeke ile amplifaya, muziki uanze. Ikachomekwa. Yule mwimbaji, ambaye viatu vyake vilikuwa mlangoni kwa sababu ya tope, alichukua gitaa la nyar Sindo ili awatulize watu kwa wimbo mmoja wa polepole. Miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, kidole kwenye nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga kisanduku. Alianguka nacho. Nyar Sindo aliingia kupitia dirishani, hakupita mlango, akaivuta waya ya amplifaya ukutani kwa mikono miwili, akamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mpaka tukamtoa juu yake. Kijana alikuwa ameshakwenda.

Askari walikuja. Walitazama nini? Walitazama kisanduku. Wamekikuta chini ya mguu wa marehemu, kimetengenezwa kwa mkono, kina swichi ya lori, hakina jina la kampuni. Ushahidi gani zaidi? Nilijaribu kuwaonyesha soketi. Askari mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi wa stima. Nikasema hapana. "Basi nyamaza." Hakuna aliyeifungua soketi. Hakuna aliyechungulia nje kuona kama kuna fimbo ya shaba. Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na betri moja ndogo ya volti tisa, na hakukuwa na waya hata moja inayokiunganisha na ukuta, ila ile iliyopitia kwenye amplifaya ya mzee. Kisanduku kilichukuliwa, na mwenyewe akachukuliwa pamoja nacho, akakaa ndani mpaka walipoona hawana shtaka la kumfungulia. Walimwachilia bila kumwambia kwamba hana kosa. Na huku kwetu mtu akiachiliwa kimyakimya, watu husema amehonga au amehurumiwa. Kisanduku hawakumrudishia. Kabla ya mwezi kwisha, ukuta wa ukumbi ule ulikuwa umepakwa rangi mpya.

Nimesema kwamba nimekasirika, na hasira yangu si ya kifo peke yake, maana ajali hutokea hata kwa waangalifu. Nakasirishwa na jinsi tunavyochagua pa kutazama. Tuna imani ya ajabu na kitu kilichotoka dukani ndani ya katoni, na tuna dharau ya ajabu kwa kitu kilichotoka mkononi mwa mtu tunayemjua. Mtoto akitengeneza gari la waya tunampigia makofi. Akikua akatengeneza chombo cha kazi, tunamngoja kikosee. Na ukuta wa saruji wa mwenye mali hatuuulizi kitu. Umesimama, una rangi, una stima, inatosha. Amplifaya iliyovuja ilitoka kiwandani, ikiwa na nembo inayong'aa mbele. Nembo ile ndiyo iliyoiokoa na maswali. Waliomcheka nyar Sindo sokoni, waliomwita muuaji kwa sauti ya chini huku wakipima omena zake, hawakuwa wajinga. Walikuwa wavivu, tena waoga kidogo. Ni rahisi kumnyooshea kidole muuza samaki kuliko mtu ambaye kesho utamwomba mchango wa karo.

Hakuacha kupiga. Bendi ilivunjika, akajiunga na vijana wa Masara wanaopigia wachimba dhahabu kwa betri ya gari, mahali ambapo hakuna stima wala ukuta. Kila alipoitwa kwenye ukumbi wenye stima, alifika na bisibisi yake na kufungua soketi kabla ya kufungua kasha la gitaa. Wenye kumbi wakaacha kumwita. Kisha siku moja akatembelewa na mpishi wa ukumbi ule wa kando ya barabara ya Homa Bay, mwanamke ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji. Friji ya jikoni ilikuwa imemshika. Fundi aliyeitwa safari hii alikuwa amechimba nje ya nyumba yote akitafuta fimbo ya shaba, na hakuipata, kwa sababu haikuwahi kuzikwa. Mpishi alisafiri mpaka Migori kuja kusema hayo. Nilikuwepo. Nilidhani nyar Sindo ataruka kwa furaha. Yeye alimwuliza tu, "Vidole vinakunjika?" Alipoambiwa vinakunjika, ndipo akakaa kitini na kulia.

Walikwenda wote wawili kwenye kituo cha polisi alikokuwa amefungiwa, mpishi akaonyesha mkono wake na kueleza alichokiona. Mkubwa wa pale aliwasikiliza akiwa anakata kucha. "Mambo ya zamani hayo," akasema. "Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka useme mbele ya watu kwamba si sanduku langu lililoua. Na unirudishie."

"Lilitupwa."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaitupa pamoja na takataka za ofisi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Sindo kumzika. Malaria ilimpanda kichwani, ikamwondoa kwa siku chache. Watu walikuwa wengi, wimbo ulikuwa mzuri, na pasta alikuwa amefika vizuri na mahubiri yake mpaka alipoinua mkono na kusema: "Wote mnajua dada yetu alikuwa na jambo lake. Kuna roho ilipotea kwa mkono wake. Lakini leo si siku ya kuhukumu. Leo tumsamehe." Watu wakaitikia amina. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja aliinuka kutoka safu ya wanawake waliokaa kwenye majani. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi, na alisema kwa Kijaluo, polepole, ili kila mtu asikie.

"Pasta, kaa kwanza. Mimi nimetoka Oyugis. Mimi ndiye niliyemzaa huyo unayesema roho yake ilipotea."

Pasta akakaa.

"Siku tulipomzika mwanangu, nilimfukuza huyu langoni. Baadaye nikafunga safari mpaka Migori kwenda kumlaani mlangoni kwake. Nilimkuta anapika. Nikamwuliza, ulimfanya nini mtoto wangu? Hakujitetea. Alichukua betri ndogo kama ile iliyokuwa kwenye sanduku lake, akaniambia, mama, iweke ulimini. Nikaiweka. Ikanichachua kama limau. Nikamwuliza, ni hii? Akasema, ni hii peke yake. Kisha akanieleza alikuwa wapi mtoto wangu alipoanguka. Alikuwa nje kwenye tope, anapigilia chuma ardhini." Akawageukia watu. "Mimi ni mama ambaye sikusoma, nami nilijua njia ya kwenda kumwuliza. Kati yenu nyote mnaosema amina, nani alimwuliza? Tangu siku ile alikuwa mwanangu. Sikuja hapa kumsamehe. Nimekuja kumlilia. Anayehitaji kusamehewa hajawahi kuja kwangu kuomba, na ukumbi wake una dansi kesho."

Alikaa. Pasta aliifunga Biblia, akaifungua tena, akatangaza wimbo. Sisi tuliokuwa pale tulitazama udongo. Tulipokuwa tukitawanyika nilisikia wazee wawili wakinong'ona kwamba yule mama amekosa adabu, kwamba maneno kama hayo hayasemwi kwenye mazishi. Nimewafikiria wazee hao wiki nzima. Kwao, kumwita marehemu muuaji mbele ya jeneza lake ni adabu, maadamu umelipamba neno hilo kwa msamaha. Kusema ukweli ndiko utovu wa adabu.

Basi funzo nililorudi nalo kutoka Sindo ni hili, na sitalilainisha. Kumsamehe asiye na kosa ni kumhukumu mara ya pili, tena kwa sauti ya upole asiyoweza kuijibu. Msamaha wa namna hiyo hatuugharamii kitu, nao humwacha mkosaji halisi amekaa kiti cha mbele, anaitikia amina pamoja nasi. Kama hatuna ujasiri wa kumtaja, wala nguvu ya kwenda kuuliza kama alivyokwenda mama wa Oyugis, basi angalau tufunge midomo yetu kando ya kaburi, tuwaache wanaomjua marehemu wamzike kwa jina lake safi.